Wanaoteswa mbali: majibu kwa wasomaji waliochoka na wasiotaka kuchoka

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watu wa kila aina, lakini nyingi zinazunguka jambo moja, uchovu. Watu wamechoka kusikia mateso ya nchi za mbali, na baadhi yao wanajilaumu kwa kuchoka. Tumechagua chache, tumezifupisha, na majina ya walioandika tumeyaacha.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kila nchi ina dhiki zake. Kwa nini nifuatilie watu wa Sudan au Myanmar ambao siwezi kuwafikia?

Wahenga walikuwa na maana yao, ila katika mambo haya fimbo ya karibu huwa mikononi mwa mtesaji. Askari ni wake, mahakama ni yake, redio ya taifa inasoma anachotaka. Raia wa ndani akipaza sauti anafuatwa usiku. Ndiyo maana wenye uwezo wa kumzuia mara nyingi wako nje: nchi inayomuuzia silaha, jirani mwenye uwanja wa ndege ambako silaha hizo hushushwa, benki inayotunza fedha zake, majaji asioweza kuwafukuza kazi. Na hao hawainuki wenyewe. Hutazama kwanza kama wananchi wao wanauliza.

Rwanda, mwaka 1994. Mauaji yalianza tarehe 7 Aprili, na walinda amani wa Umoja wa Mataifa waliokuwepo walikaribia 2,500. Tarehe 21 Aprili, watu wakiuawa kwa maelfu, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 912 la kuwapunguza hadi 270. Serikali zilizopiga kura hiyo hazikukabiliwa na umma uliokuwa ukizidai majibu. Wanahabari wengi wa kigeni walikuwa Afrika Kusini kwa ajili ya uchaguzi wa mwishoni mwa mwezi ule, na habari nyingi zilizotoka Kigali ziliyaeleza mauaji yaliyopangwa kama vita vya makabila, maelezo yanayomwachia msikilizaji hisia kwamba hakuna wa kulaumiwa wala la kufanya. Kamera zilimiminika mwezi Julai, Goma, ng'ambo ya mpaka katika Kongo ya leo, kipindupindu kilipokuwa kinawaua wakimbizi. Kufikia hapo watu wapatao 800,000 walikuwa wameshauawa.

Kuna pia hoja ya sheria ambayo wengi hawaijui. Mkataba wa mwaka 1948 kuhusu mauaji ya kimbari unazitaka nchi wanachama kuyazuia, si kuadhibu tu. Tarehe 26 Februari 2007, katika kesi ya Bosnia dhidi ya Serbia, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema wajibu huo unaanza pale nchi inapojua, au ilipopaswa kujua, kwamba kuna hatari kubwa ya mauaji hayo kutendeka. Ndiyo kazi ya ripoti iliyochapishwa na swali lililoulizwa bungeni likaingia kwenye kumbukumbu: vinamnyima waziri nafasi ya kusema baadaye kwamba hakuambiwa.

Na fimbo ya mbali imewahi kufika. Mwaka 2018 Abubacarr Tambadou, waziri wa sheria wa Gambia aliyewahi kufanya kazi kwenye mahakama ya mauaji ya Rwanda, alikwenda Cox's Bazar, Bangladesh, akawasikiliza Warohingya, jamii ya Waislamu wachache wa Myanmar, ambao zaidi ya 700,000 kati yao walikuwa wameikimbia Myanmar kuanzia Agosti 2017. Novemba 2019 Gambia, nchi ndogo isiyopakana na Myanmar kwa lolote, iliishitaki Myanmar kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na tarehe 23 Januari 2020 majaji wakaiamuru Myanmar iwalinde Warohingya waliobaki na isiharibu ushahidi.

Nilikuwa kijana wakati wa mauaji ya Darfur, magharibi mwa Sudan. Tuliandamana, tukachanga, tukasaini barua. Leo El Fasher, mji mkuu wa Darfur Kaskazini, imeanguka. Zile kelele zilisaidia nini?

Swali hili linauma, na tutalijibu kwa tarehe, maana bila tarehe tutabaki na hisia tu.

Kelele zenu zilizaa mambo mawili makubwa. Machi 2005 Baraza la Usalama liliipeleka Darfur kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, ICC, kwa azimio 1593, ingawa Sudan haikuwa mwanachama. Mwaka 2007 kikaundwa kikosi cha pamoja cha Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa, UNAMID, kilichoidhinishwa kufikia watu kama 26,000. Halafu dunia ikageukia mengine. Hati ya kumkamata Omar al-Bashir, rais wa Sudan wakati huo, ilitolewa tarehe 4 Machi 2009, naye akaendelea kuzitembelea nchi kadhaa bila kuguswa. Wanamgambo wa Janjaweed waliochoma vijiji wakageuzwa kikosi rasmi, RSF. UNAMID ikafunga shughuli zake tarehe 31 Desemba 2020, na nje ya Sudan ni wachache walioandika habari hiyo kwa uzito wake.

Vita vipya, kati ya jeshi la Sudan na RSF, vikalipuka tarehe 15 Aprili 2023. El Fasher ilipozingirwa, Baraza la Usalama likaitaka RSF, kwa azimio 2736 la tarehe 13 Juni 2024, iache kuuzingira mji. Haikuacha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliokuwa wakizisoma picha za setilaiti wakaonyesha ukuta wa udongo ukijengwa kuuzunguka mji, kipande kwa kipande, huku raia wakiwa bado ndani. Yaani mtego ulionekana ukitegwa. Mji ukaanguka mikononi mwa RSF tarehe 26 Oktoba 2025.

Sasa angalia tarehe nyingine. Siku 20 kabla ya hapo, tarehe 6 Oktoba 2025, majaji wa ICC walimtia hatiani Ali Kushayb, kamanda wa Janjaweed, kwa makosa 27 aliyoyatenda Darfur mwaka 2003 na 2004. Hati ya kumkamata ilitolewa 2007, akajisalimisha 2020, kesi ikaanza 2022. Hukumu ile isingewezekana bila watu waliotunza majina ya waliouawa, siku na vijiji kwa zaidi ya miaka 20, na bila mashahidi waliokubali kurudia maneno yaleyale magumu mbele ya majaji wakati ambao karibu hakuna kamera iliyowasubiri nje.

Maoni yetu ni haya: zile kelele hazikupotea. Pale zilipogeuka kazi ya kila mwaka, yaani kukusanya ushahidi na kufuatilia kesi, zilifika. Pale zilipoishia kwenye maandamano, yaani katika kazi ya kuwalinda watu walio hai leo, ziliwaacha mikono mitupu. Hilo la pili ni deni, na linadaiwa sasa hivi.

Anayetaka kuona subira inavyolipa aisome kesi ya Hissène Habré. Aliitawala Chad kuanzia 1982 hadi 1990, akakimbilia Senegal. Waathirika wake walifungua malalamiko Dakar mwaka 2000. Mwaka 2001 nyaraka za polisi wake wa siri zikapatikana N'Djamena, zimetupwa kwenye jengo lililoachwa, na ndani yake mna majina ya watu 1,208 waliofia mikononi mwa polisi hao. Senegal ikavutavuta mpaka Mahakama ya Kimataifa ya Haki, Julai 2012, ikaitaka imshitaki bila kuchelewa au imtoe. Alihukumiwa tarehe 30 Mei 2016, zaidi ya miaka 25 baada ya kukimbia. Katika muda wote huo, silaha kubwa ya upande wake ilikuwa matumaini kwamba watu watachoka.

Sisi ni redio ndogo ya jamii, waandishi wanne. Hatuna mtu Khartoum wala Cox's Bazar. Tufanyeje tusiwe watu wa kuripoti siku ya kwanza tu?

Kwanza mjue kinachowavuta mbali na habari hizi, maana kina nguvu kuliko nia njema. Habari hupenda tukio lenye mwanzo na mwisho ndani ya siku moja. Njaa inayoletwa na mzingiro wa miezi 18 haina siku yake. Wachumi Thomas Eisensee na David Strömberg walichambua majanga ya asili yapatayo 5,000 ya kati ya 1968 na 2002, wakaonyesha mwaka 2007 kwamba janga likiangukia wakati wa Michezo ya Olimpiki, uwezekano wa serikali ya Marekani kutoa msaada hupungua, kwa sababu habari zake husukumwa nje. Ukubwa wa mateso ni uleule. Kilichobadilika ni ratiba ya televisheni.

Dawa ya ratiba ni ratiba. Msijaribu kufuatilia dunia nzima. Chagueni migogoro miwili, mmoja unaosikika na mmoja ambao hakuna anayeutaja. Shirika la Norwegian Refugee Council hutoa kila mwaka orodha ya migogoro ya wakimbizi iliyotelekezwa, kwa vigezo vitatu: fedha zilizokosekana, habari chache, na juhudi ndogo za kisiasa. Katika orodha ya mwaka 2024 Cameroon ndiyo iliyokuwa juu. Anzieni hapo.

Kila mgogoro upewe mwandishi mmoja wa kuulea, na akiondoka akabidhi jalada. Jalada hilo liwe na mambo machache: tarehe kuu kwenye ukurasa mmoja, ramani, namna sahihi ya kutamka majina ya miji, na watu watano wa kupigiwa simu. Kati ya hao, angalau watatu wawe wenyeji wa mahali hapo, si wasemaji wa mashirika. Redio za wahamishwa ni hazina: Radio Dabanga imekuwa ikitangaza habari za Darfur kutoka Uholanzi tangu 2008, na ina vyanzo ambavyo shirika kubwa la habari haliwezi kuvipata kwa tiketi ya ndege.

Halafu wekeni kipindi cha dakika 15, siku ileile ya mwezi, hata kama hakuna mlipuko. Dakika mbili za kumkumbusha msikilizaji tulipoishia. Dakika nane za mtu mmoja anayeeleza jambo moja, kwa mfano kisima kilichofungwa au shule iliyogeuzwa kambi. Dakika tano za mwisho za nani ana uwezo wa kubadili jambo hilo na alisema nini mwezi uliopita. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ikirukwa msikilizaji hubaki na huzuni isiyo na pa kwenda.

Andikeni pia kwenye kalenda siku ambazo maamuzi hufanyika kimyakimya. Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lina vikao vitatu vya kawaida kwa mwaka, huko Geneva, na tume zake za uchunguzi huongezewa muda kwa kura. Tarehe 7 Oktoba 2021 jopo lililokuwa likichunguza uhalifu wa pande zote nchini Yemen lilizimwa kwa kura 21 dhidi ya 18, saba wakijizuia. Ilikuwa mara ya kwanza azimio kushindwa kwa kura tangu baraza hilo liundwe. Oktoba 2023 tume iliyokuwa ikichunguza uhalifu nchini Ethiopia ikafa bila hata kura, kwa kuwa hakuna nchi iliyopeleka azimio la kuiongezea muda. Habari kama hizo hazina moshi wala vifaru, lakini baada yake wanaoua wanajua kwamba hakuna tena anayehesabu. Redio ndogo inayompigia simu ofisa wa wizara ya mambo ya nje wiki nne kabla ya kura na kumuuliza, "Nchi yetu itapigaje?", imefanya kazi ya maana kuliko kurudia picha za milipuko.

Nitajuaje kama video niliyotumiwa ni ya kweli? Nimeshaaibika mara moja na sitaki tena.

Chukua mfano wa Cameroon. Julai 2018 ilisambaa video ya askari wakiwaswaga wanawake wawili na watoto wawili kwenye njia ya vumbi, mtoto mmoja akiwa amebebwa mgongoni, kisha wakawapiga risasi. Serikali ilisema ni uzushi. Wanahabari wa BBC, wakishirikiana na wachambuzi wa mtandaoni, hawakubishana nayo kwa maneno. Walichora umbo la milima iliyoonekana nyuma sekunde chache tu, wakalilinganisha na picha za setilaiti, wakalipata karibu na kijiji cha Zelevet, kaskazini ya mbali. Majengo yaliyoonekana yaliwapa kipindi, kwa kuwa moja lilikuwa limeshabomolewa kufikia Februari 2016. Njia ile huonekana kiangazi tu. Mwisho wakapima kivuli cha askari mmoja aliyekuwa akitembea, wakapata pembe ya jua, na tarehe ikabanwa kati ya 20 Machi na 5 Aprili 2015. Serikali ikabadili kauli na kutangaza kuwashikilia askari saba. Septemba 2020 mahakama ya kijeshi iliwahukumu wanne kifungo cha miaka 10.

Wewe huhitaji yote hayo. Kata picha tatu tulivu kutoka kwenye video, zipitishe kwenye Google Lens, Yandex na TinEye. Zikitokea za miaka ya nyuma au nchi nyingine, kazi imeisha. Zisipotokea, tafuta aliyeirusha kwanza, si aliyekutumia. Angalia vibao, namba za magari, sare, kivuli, mvua au vumbi, na uulize kama vinakubaliana na mahali na msimu unaodaiwa. Ukimpata aliyerekodi, mwombe faili la asili, lakini asilitume kama video ya kawaida ya WhatsApp, kwa sababu programu hiyo hulifinya na kufuta taarifa za ndani, kama tarehe na mahali. Alitume kama dokumenti. Hifadhi nakala usiyoigusa. Kosa linaloua kesi nyingi ni mtu mwenye nia njema kukata mwanzo wa video, kuweka muziki, kisha kupoteza ile ya kwanza. Agosti 2017 ICC ilitoa hati ya kumkamata kamanda Mahmoud al-Werfalli wa Libya kwa kutegemea, kwa sehemu kubwa, video saba za mauaji, nyingine zikiwa zimerushwa mtandaoni. Kilicho kwenye simu yako kinaweza kuwa kielelezo.

Usipoweza kuthibitisha, usirushe. Video moja ya uongo humpa mtesaji ruhusa ya kuziita zote uongo.

Nikisoma habari hizi kila siku silali. Nikiziacha najiona mkatili.

Pole sana. Hakuna aliyeokolewa na kukosa kwako usingizi, kwa hiyo jipunguzie kipimo bila kujilaumu: mgogoro mmoja, mara moja kwa wiki, dakika 30, asubuhi badala ya usiku, na maandishi zaidi kuliko video.

Jua pia kwamba moyo wa binadamu haujaumbwa kuhisi tarakimu. Mwaka 2007 Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha jaribio ambamo watu waliopewa dola 5 walisoma habari za njaa. Walioonyeshwa Rokia, msichana wa miaka saba kutoka Mali, walitoa wastani wa dola 2.38. Waliopewa takwimu za mamilioni walitoa 1.14. Walioonyeshwa Rokia pamoja na takwimu walitoa 1.43. Takwimu zilimpunguzia Rokia mwenyewe. Kwa hiyo mfuate mtu mmoja au mtaa mmoja, na namba uziachie ubongo.

Na ukitaka kuchangia, fanya uamuzi siku moja, kisha uache utaratibu ufanye kazi. Septemba 2015, baada ya picha ya Alan Kurdi, mtoto mkimbizi wa Syria aliyekutwa amekufa ufukweni, michango ya Msalaba Mwekundu wa Sweden kwa wakimbizi wa Syria ilipaa, ikashuka ndani ya wiki chache. Lakini waliojiandikisha kutoa kila mwezi waliongezeka kama mara kumi, na Januari 2016 karibu wote walikuwa bado wanatoa. Huruma yao huenda ilipoa kama ya wengine. Mchango haukupoa.

Tuna kikundi cha watu 12 wanaotaka kuandika rasmi. Tuandike wapi, na tuandikeje?

Njia nyepesi kuliko zote ni wataalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa. Wapo wa mateso, wa watu waliopotezwa, wa uhuru wa kujieleza na wengine, zaidi ya 40 kwa mada. Mtu yeyote au kikundi chochote kinaweza kuwapelekea taarifa, na si lazima kesi iwe imeanza mahakamani. Wanataka kujua nani ametendewa, nani anatuhumiwa, lini, wapi, nini hasa kilitokea, nani anaandika, na kama mhusika au familia yake imeridhia. Pelekeni kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania. Barua ya madai kwa serikali kwa kawaida huipa siku 60 za kujibu, kisha barua na jibu huchapishwa. Mtu aliye hatarini leo huombewa wito wa haraka.

Kila nchi pia hukaguliwa mbele ya Baraza la Haki za Binadamu kila baada ya miaka minne na nusu hivi. Asasi ikiandika peke yake ina maneno 2,815. Zikiandika pamoja, 5,630. Ukizidisha, andiko halipokelewi, na tarehe ya mwisho huwa miezi kadhaa kabla ya kikao.

Kwa nchi za Afrika iko Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Banjul. Someni ibara ya 56 ya Mkataba wa Afrika kabla ya kuandika mstari wa kwanza, kwa sababu malalamiko mengi hufia hapo. Lugha ya matusi dhidi ya nchi inayoshitakiwa hairuhusiwi. Njia za mahakama za ndani ziwe zimetumika hadi mwisho, isipokuwa iwe wazi kwamba zinacheleweshwa kupita kiasi. Na malalamiko yasitegemee habari za vyombo vya habari peke yake. Vikundi vingi hupeleka mkusanyiko wa makala za magazeti na kushangaa kukataliwa. Makala iwe mlango tu. Ndani muwe na kiapo cha shahidi, cheti cha daktari, hati ya mahakama, picha yenye tarehe.

Je, hatuwezi kuwaletea madhara tunaowatetea?

Mnaweza, na hutokea. Desemba 2017 waandishi wa Reuters, Wa Lone na Kyaw Soe Oo, walikamatwa Myanmar walipokuwa wakichunguza mauaji ya Warohingya 10 katika kijiji cha Inn Din. Walikaa ndani zaidi ya siku 500, wakati askari saba waliohukumiwa miaka 10 kwa mauaji hayo waliachiwa kabla ya mwaka kuisha. Waandishi hao walikuwa na shirika kubwa nyuma yao, na dunia iliendelea kuwataja hadi wakatoka Mei 2019. Mkulima aliyekusimulia kwa simu hana kinga hiyo.

Kwa hiyo muulize mara mbili: siku ya kusimulia, na tena kabla ya kuchapisha, akiwa ametulia. Mweleze kwamba kikishatoka hakirudi. Ficha uso, lakini ficha pia sauti, jina la mtaa, nguo ya sare, mlango wenye rangi isiyo ya kawaida. Orodha ya majina halisi isikae kwenye simu unayotembea nayo. Na mwenyewe akisema hataki tena, hata dakika za mwisho, kipindi kirushwe bila yeye.